Ubao wa Wasomaji wa Kinyangiri

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa wembe, sindano ya magunia na riwaya mpya iliyokuwa bado inanukia wino.

"Ikate," Tajiri aliniambia. Ndivyo tulivyomwita mwenye duka pale Singida mjini.

Nikadhani ananipima akili. Nikabaki nimeshika wembe.

"Umeishia darasa la ngapi?"

"La tano, mzee."

"Unafaa. Wa la saba niliowaajiri walikaa wakisoma mpaka wateja wakaondoka."

"Hata mimi napenda kusoma."

"Soma. Lakini mteja akija, inua shingo."

Kabla ya hapo nilikuwa nimepita kwenye utingo wa lori, kubeba vitunguu na kuchoma matofali, na hakuna kazi niliyomaliza nayo mwaka. Nilitaka kujua kila kitu, na nikishajua nusu nilihama. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, sabuni zimekuwa za kila rangi, na wafanyabiashara walioleta bidhaa hizo walileta pia riwaya na katuni. Nakala zilikuwa chache na wengi hawakuweza kununua. Tajiri aliona hilo akaanza kukodisha.

Nieleze kukata, maana siku hizi sijamwona mtu anayekata. Ulibandua jalada, ukapitisha wembe mgongoni ambako kurasa zimeshonwa, ukagawa kitabu mafungu manne. Kila fungu ulilishona upya kwa uzi wa gunia, ukalivika karatasi ya mfuko wa saruji kwa gundi ya unga wa ngano. La kwanza tuliita kichwa, la pili kifua, la tatu kiuno, la mwisho mkia. Kwa njia hiyo watu wanne walisoma riwaya moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akimsubiri aliyemtangulia. Hata katuni nene tulizikata.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Ihanja, kando ya barabara kuu. Kila aliyerudisha kifua aliuliza kiuno kiko kwa nani. Nilichoka kujibu. Nikachukua ubao wa mlango wa zamani, nikaupaka masizi na unga wa betri zilizokufa, nikaandika kwa chaki jina la kitabu, fungu, na jina la anayelisoma. Watu wakaacha kuniuliza mimi, wakawa wanafuatana wenyewe.

"Mama Zaituni! Umekalia mkia wangu siku ya tatu!" fundi baiskeli alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

"Ngoja nimalize kulia kwanza! Wewe una haraka ya kwenda wapi na pancha zako?"

Ubao wenyewe ukageuka habari. Hata wasiokodi walipita kuangalia nani anasoma nini wiki hiyo, na wengi walikodi kwa sababu wamemwona jirani yao hapo. Niliuonea fahari kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Tajiri alipokuja kukagua aliusoma juu mpaka chini, kisha akasema, "Vitabu sawa. Hawa watu uliwauliza?"

"Wanafurahi, mzee."

"Anayefurahi utamwona. Anayechukia hatakuja kukwambia."

Nilimwona mtu wa mjini tu, aliyezoea nyumba za mapazia mlangoni na kuficha kila kitu. Baada ya miezi michache miguu ikaniwasha kama kawaida yangu, nikaomba kuhamishwa. Akanipeleka Kinyangiri, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Iramba. Ubao wangu nilikwenda nao.

Huko nilimfahamu Mzee Msengi. Alikuwa mkulima mwenye ng'ombe wa kutosha na mwenyekiti wa wazee waliosuluhisha ugomvi wa mipaka na mifugo. Alipoingia kituoni kwangu nilisimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nipe hadithi ya picha. Ya mjukuu."

Mjukuu huyo alikuwa msomaji wa pole sana. Mara ya tatu Mzee alikaa kwenye gunia, akafunua ukurasa, akaweka kidole kwenye kiputo cha maneno. "Haya anasema nani? Huyu mnene au mbwa wake?"

Nikamwonyesha kwamba kila kiputo kina kijimkia, na kijimkia huelekea mdomo wa anayesema. Akacheka mpaka miwani ikateleza. Ndipo akaniambia ukweli, kwamba msomaji alikuwa yeye mwenyewe. Alijifunza herufi kwenye kisomo cha watu wazima, lakini bila kitu cha kusoma zikampotea. Binti yake aliyeolewa Tabora alikuwa akimwandikia, na barua zake alisomewa na majirani.

"Barua ya mwisho," alisema, "nilipokuwa njiani kurudi nyumbani, kila niliyempita alikuwa ameshajua binti yangu anaumwa nini. Nataka niisome mwenyewe ijayo. Nimeshampelekea salamu kwa kondakta wa basi, nimemwambia baba yako sasa anasoma."

Riwaya zilimshinda. Picha zilimsaidia kukisia neno kabla hajalimaliza. Baada ya wiki chache alisoma kurasa tatu bila kuniuliza, jasho likimtoka kama anapalilia.

Nilifurahi naye. Na kwa furaha hiyohiyo, siku ya gulio, nikaandika ubaoni: Katuni ya Mlinzi Mwoga, kichwa, Mzee Msengi. Nilitaka watu wajue. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Kufikia adhuhuri vijana walikuwa wakimsubiri penye mnada wa mbuzi. "Shikamoo mzee! Mlinzi kashaamka?" Wakasalimu kwa adabu kabisa, kisha wakaangua kicheko. Na mzee mwenzake, mtu aliyeshindwa kesi ya mpaka mbele yake, akasema wote wasikie: "Kikao kijacho tumletee picha, maana maneno matupu hayaelewi."

Alirudisha katuni jioni ileile, ameifunga ndani ya gazeti.

"Mwanangu, nilikuja kwako kujificha."

"Nisamehe mzee. Nilitaka kukusifu."

"Najua. Ndiyo maana sina la kukushtaki."

Nilifuta ubao wote. Kesho yake nilimpelekea katuni nyingine nyumbani, akasema macho yanamuuma. Nikaenda tena, akanikaribisha uji, tukaongea habari za mvua. Sikwenda mara ya tatu. Niliona aibu, na aibu yangu nikaipa jina la heshima.

Barua ilipofika aliniletea mimi, haijafunguliwa. "Wewe si wa hapa," alisema. "Utahama na siri yake."

Niliifungua. Binti aliandika kwamba kwa kuwa sasa baba anasoma mwenyewe, atamweleza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kuliandika. Nikaacha kusoma, nikamtazama.

"Endelea," Mzee alisema, akiangalia chini.

Nikaendelea mpaka mwisho. Yaliyokuwemo sitayaandika hapa. Aliikunja, akashukuru, akaondoka polepole, na mwezi haukuisha nikahama.

Vibanda vya video vilikuja, watu wakapunguza kukodi, Tajiri akafunga. Sasa nimetulia Mgori na alizeti zangu. Vijana wa huku wanaandikiana kwenye simu nani anasoma nini, na wakinisomea ninapenda kusikia. Huwaambia tulivyokata vitabu, nao hushangaa.

Lakini jambo moja linanirudia nikiwa shambani. Barua ile ilianza kwa maneno mawili, Baba mpendwa. "Baba" Mzee Msengi alikuwa analijua vizuri, lilikuwa kwenye katuni karibu kila ukurasa. Ningemrudishia karatasi, nikamwekea kidole pale juu na kukaa naye hata kutwa nzima, angeanza mwenyewe. Mimi niliinua sauti nikasoma.