Mbwa Aliyelamba Mashine ya Kahawa

Nakumbuka, mwanangu, Alhamisi moja ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mbwa wa jirani alipoilamba mashine ya kahawa ya baba yangu, nusura nikose mume.

Umeniambia umenunua mashine ya kusagia kahawa ya nyumbani na unataka kujua inasafishwaje. Nitakwambia. Lakini mimi siwezi kuzungumza habari za mashine ya kahawa bila kupitia kwa mbwa yule, kwa hiyo kaa vizuri, na hiyo simu iweke pembeni.

Kijiji chetu kilikuwa kipya, upande wa Mitole, nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule. Zamani kila mtu alikaa shambani kwake, na mbwa wa mtu alijua mipaka yake. Sasa tulikuwa tumesogezwa, na jirani yetu wa ukutani alikuwa Mzee Bonifasi, Mmatumbi wa milimani, Mkatoliki, mtu mwema kupita kiasi. Alifuga mbwa wa kufukuza nguruwe mwitu, jina lake Tutaonana. Baba na Mzee Bonifasi walipendana sana. Baba na Tutaonana hawakusalimiana.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mkono: kisanduku cha mbao chini, bakuli la chuma juu, na mkono wa kuzungusha. Baba aliinunua Lindi mjini kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga duka. Tulipoambiwa tuweke mali pamoja kwa faida ya kijiji, Baba alitoa majembe yake yote, akatoa na baiskeli, lakini mashine aliifunika kanga akasema ni mbovu. Kijiji kizima kilitwanga kahawa kwenye kinu, sisi tulisaga. Kwa nje aliisugua mpaka unaiona pua yako. Ndani hakuifungua hata siku moja.

"We Saidi," Bibi, mama yake Baba, alikuwa akimwambia, "hiyo mashine inanuka. Ifungue uipige brashi."

Baba alijibu kwamba mashine ikishafunguliwa na mtu asiye fundi hairudi kama ilivyokuwa. Bibi akaendelea kunywa kahawa yake ya kutwanga.

Basi Alhamisi ile wageni wa posa walikuwa wanakuja kutoka Kinjumbi. Kijana mwenyewe, Salumu, nilimwona msimu wa korosho alipokuja kwa ndugu zake, na nilimtaka. Nalisema leo kwa sauti kwa sababu siku zile nilikatazwa hata kulinong'ona. Msemaji wa kwao alikuwa shangazi yake, Bi Mwanahawa, ambaye ndiye aliyemlea. Huyo mama alishaondoka kwenye nyumba za watu bila kutaja posa, moja kwa sababu wali ulinuka moshi, nyingine kwa sababu mama wa binti alipiga chafya juu ya sinia. Na kwa desturi yetu, kahawa ya siku ya posa huhesabiwa ni ya binti, hata kama kaisaga mtu mwingine. Kahawa ikiwa mbaya, mbaya ni mimi.

Baba alitaka mashine ing'ae kuliko siku zote. Alipokosa mafuta ya nazi, alichukua mafuta yaliyobaki kwenye kikaango cha samaki, akaipaka yote, akaiweka barazani, akaenda kuswali adhuhuri. Hebu niambie wewe, mbwa ana kosa gani hapo?

Tulimkuta Tutaonana amefumba macho, analamba kwa mapenzi. Baba alipiga ukelele mpaka kuku wakapanda paa. Najisi ya mbwa, kama ulivyofundishwa madrasa, huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na Baba hakuwa mtu wa kubahatisha mambo ya dini. Akaagiza ndoo za maji. Akaagiza udongo safi wa kichuguu.

"Mbwa kalamba nje," Bibi akasema kutoka mlangoni. "Osha hapo alipolamba, ufute. Au ifungue, uoshe kipande kimoja kimoja, uviache vikauke."

"Mama, wageni wako njiani!"

"Ndiyo maana nakwambia utulie."

Hakutulia. Aliizamisha nzima kwenye tope la kichuguu, akauzungusha mkono ili udongo ufike kila mahali, na kweli ulifika. Kisha akaimwagia maji mara sita, akaitikisa, akaianika. Kisheria mashine ilikuwa imetwaharika. Kwa kusagia kahawa ilikuwa imekwisha.

Wageni walipoketi barazani, Baba alijifungia uani na kahawa iliyokaangwa. Mkono haukuzunguka. Mzee Bonifasi, maskini, alikuja kuomba radhi na papai lake mkononi, akajikuta amebana kisanduku kwa mapaja huku Baba ananing'inia kwenye mkono. Mashine ikatoa sauti ambayo sijaisikia tena. Bi Mwanahawa akauliza kama tunafuga punda. Bibi akamjibu hapana, huyo ni mwanangu.

Kilichotoka hakikuwa unga, yalikuwa madonge. Bibi akasema kahawa itwangwe kwenye kinu, bado kuna wakati. Baba akakataa katakata, leo ni siku ya mashine. Ikachemshwa, ikatiwa tangawizi ya kutosha kumzindua aliyezimia, ikapelekwa.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona Bi Mwanahawa akinywa, na nikaona kwamba kumeza kulikuwa kazi. Akatoa kitu kwenye ncha ya ulimi, akakitazama kwenye mwanga, akakifuta kwenye leso. Akaweka kikombe chini.

"Kahawa hii ni ya nani?"

Kila mtu alijua jibu la desturi. Ni ya binti. Mmoja wa wageni alishaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu. Baba aliinama akautazama mkeka. Mwanangu, nilimpenda sana baba yangu, lakini dakika ile nilimchukia, kwa sababu niliona anapima: aibu aibebe yeye, au anibebeshe mimi.

"Saidi," Bibi akamwita.

"Ni yangu," Baba akasema. "Binti hajaigusa. Niliipaka mashine mafuta ya samaki, mbwa akailamba, nikaiosha mara saba na udongo bila kuifungua. Mama yangu aliniambia niifungue, tangu mwaka juzi ananiambia."

"Na mbwa ni wangu," Mzee Bonifasi akasema kutoka uani.

Bi Mwanahawa alicheka mpaka akaegemea nguzo. "Marehemu mume wangu aliifua redio," akasema. "Kwa sabuni!" Kisha akajifuta machozi, akamtazama Baba vizuri. "Kahawa mbaya nimekunywa nyingi, Bwana Saidi. Nilikuwa nangoja nione kama humu ndani watoto hutwishwa makosa ya wakubwa. Salumu naye atakosea siku moja. Sitaki akose mtu wa kumwambia amekosea, wala sitaki aoe kwa watu wasiojua kusema ni mimi."

Akaomba kisu, brashi na konzi ya mchele mkavu, akaifungua mashine hapohapo mkekani. Ndani mlikuwa na tope, kahawa iliyoganda toka enzi za Mwingereza, na mende wawili mahututi. Akapiga brashi meno ya mashine, akavikausha vipande kando ya jiko, akaviunga, akasaga mchele. Unga wa kwanza ulitoka mweusi, wa pili ukatoka mweupe. Ndipo ikasagwa kahawa nyingine. Baba alikunywa, akasema kumbe miaka yote hiyo hakuwa akiijua ladha ya kahawa. Posa ikatajwa kabla ya magharibi.

Basi sikiliza. Mashine yako ifungue mara kwa mara, na ukumbuke kipande gani kilitangulia kutoka. Meno ya chuma usiyatie maji, yapige brashi kavu. Mafuta ya kahawa yakiganda ndani, saga konzi ya mchele mkavu, uumwage unga wake, kisha usage kahawa kidogo ya kumwaga pia. Kama plagi ya umeme imo ukutani, ichomoe kwanza, usije ukanitia msiba. Kung'arisha nje si kubaya, ila usiishie hapo. Na siku utakayoiharibu, maana utaiharibu, mkeo akiulizwa mbele ya wageni kahawa hii ni ya nani, usiutazame mkeka. Jibu wewe kabla yake.

Mwenyezi Mungu akuwekee baraka katika nyumba yako, awape wanao baba wanayeweza kumcheka bila kumwogopa, na kila atakayeketi kwenye mkeka wako aombe kikombe cha pili. Amina.