Tonge la Kwanza kwa Bibi

"Hawa wanakuja kulima, au wanakuja kunitazama?"

Bibi aliniuliza hivyo huku akipepeta mtama. Nilikuwa na shahada, nilikuwa katibu wa kikundi cha vijana kilichokuwa kinakuja, na bado sikujua. Nikamwambia, "Wanakuja kulima, bibi." Akaendelea kupepeta bila kuniangalia.

Nilikuwa nimerudi kijijini, si mbali na Samuye, baada ya kumaliza chuo na kukosa kazi. Tuliishi wawili tu, mimi na mama huyo wa baba yangu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na maisha ya bibi yalikuwa hatarini, ingawa hakuna aliyelitamka jambo hilo mbele yetu.

Mwezi mmoja kabla, kijana wa jirani alifukiwa katika duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, huko Geita. Siku alipokuja kuaga, bibi alimwambia mbele ya watu, "Usiende, baba. Lile shimo halirudishi kila kinachoingia." Ni maneno ambayo bibi yeyote angeyasema. Lakini mwili ulipoletwa, watu waliyakumbuka. Mama wa marehemu akaenda kwa mpiga ramli, akarudi na habari kwamba adui yake anakaa upande wa machweo na ana macho mekundu.

Upande wa machweo tulikuwa sisi. Na macho ya bibi yalikuwa mekundu kweli, kwa sababu kuni zimeadimika kwetu, naye amepikia mavi makavu ya ng'ombe kwa miaka mingi katika jiko lisilo na dirisha. Nililieleza hili kwa kila aliyekubali kusimama anisikilize. "Eeh, wewe umesoma," walinijibu, kwa sauti ile ile wanayotumia kumpa pole mgonjwa.

Huku kwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko hayo. Kwa hiyo nilianza kuhesabu nani anapita mbele ya nyumba yetu na nani ameanza kuzunguka kwa nyuma.

Kikundi cha amani kilikuwa kimeanzishwa na vijana wenyewe, kisha shirika fulani likawapa semina ya siku mbili na fulana nyeupe zenye picha ya mikono iliyoshikana. Walinichagua kuwa katibu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Sikuwaamini. Niliwaona wakipiga picha zaidi ya walivyofanya kazi. Zaidi ya wote sikumwamini kiongozi wao.

Alikuwa nsumba ntale wetu, kiongozi wa vijana anayepanga zamu za kulimiana mashamba. Cheo hicho kilikuwepo kabla ya fulana na kabla ya semina. Akisema kesho tunalima kwa fulani, majembe yanakwenda kwa fulani. Mwenyewe alikuwa mtu mkimya, mwenye kovu kwenye nyusi. Na jambo lililoninyima amani ni hili: alichimba na marehemu katika duara lile lile. Ndiye aliyeuleta mwili. Msibani alikaa kando ya mama wa marehemu siku zote tatu. Mtu wa namna hiyo anatafuta nini kwa bibi yangu?

Tulikutana katika ghala la pamba lililokuwa tupu. Alisema msimu huu kikundi kitalima kwanza kwa wazee wasio na mwanamume wa kulima nyumbani, na ili pasiwe na upendeleo tutapiga kura ya vikaratasi. Viliwekwa ndani ya kofia, msichana mmoja akachomoa kimoja, akasoma jina la bibi yangu. Mtu mmoja nyuma akakohoa.

Kikao kilipokwisha niliichukua ile kofia na kuanza kufungua vikaratasi.

"Dada, unatafuta nini?" kiongozi aliuliza.

"Natafuta wazee wengine."

"Utafungua vyote?"

Nilifungua vyote. Vyote vilikuwa na jina la bibi.

"Umemtaja," nilimwambia. "Kijiji kizima sasa kinajua mnamhesabu katika wale wanaotajwa kwa uchawi. Hiyo ndiyo amani mliyofundishwa?"

"Alishatajwa, dada. Kisimani, sokoni, kilabuni. Mimi nimemtaja kwa sauti, ndiyo tofauti."

"Na rafiki yako?"

Aliangalia chini. "Huyo nimeshamzika. Sitaki kuzika tena." Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa ratiba tu, "Mwambie bibi apike. Tutakula kwake."

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Kwa desturi yetu, anayelimiwa anawalisha waliolima, na nsumba ntale ndiye anayenawishwa wa kwanza na kumega tonge la kwanza. Asipokula yeye, hali mtu. Vijana thelathini wakilima shamba la kikongwe kisha wakaacha chakula chake kwenye mkeka, hakuna ramli itakayohitajika tena. Itakuwa imeshatolewa hukumu, mchana, mbele ya wote. Nililala nikifikiri kwamba labda hilo ndilo analolitaka.

Walikuja asubuhi na ngoma. "Mwangaluka!" walisalimu uani, na bibi akaitikia kwa sauti ndogo. Akawatazama walivyopita mmoja mmoja na majembe begani, akanishika mkono, akauminya. Hapo ndipo niliposikia lile swali lake upya.

Walilima vizuri, hilo siwezi kulikana. Matuta ya viazi yalinyooka kama mistari ya daftari. Lakini mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Karibu kila mmoja alikuwa amekuja na chupa yake ya maji. Mtungi wetu ulikaa kivulini na kikombe juu yake, na hakuna aliyeusogelea. Mpakani, mama wa marehemu alisimama amejifunga kanga kiunoni.

Jua lilipopanda bibi aliandaa mkeka: ugali wa mtama, mlenda, maziwa ya mgando, na sahani ya michembe iliyochemshwa na karanga. Vile viazi vikavu alikuwa amevihifadhi tangu mavuno. Vijana wakapoteza haraka zote walizokuwa nazo. Wakaanza kukung'uta majembe ambayo yalishakung'utwa.

"Mimi tumbo limenishika tangu jana," alisema mmoja.

"Mimi nimefunga," akasema mwenzake.

"Umefunga? Mkatoliki gani anafunga leo? Kwaresima imehamishwa?"

"Ni nadhiri yangu binafsi."

"Nadhiri! Jana nilikukuta na mshikaki."

Walicheka, lakini hakuna aliyesogea. Bibi alikuwa amesimama na birika la maji ya kunawa, akimgeukia huyu na yule. Nilitaka kumpokea, ninawe, nianze kula. Nilijua nikila mimi haitahesabika. Mimi ni damu yake, watasema tunakula pamoja na mengine.

Kiongozi akavua kofia. Akaja akachuchumaa mbele ya bibi, akakinga mikono. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alinawa taratibu mno, hadi kwenye viwiko. Akakaa mkekani, akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akalitia mdomoni. Nilimtazama shingoni kuona kama atameza. Nakiri hilo. Mwenzake mmoja alikuwa ameinua simu anarekodi, nami nikawaza: hii ni picha ya ripoti, atatema nyuma ya zizi. Jasho lilimtoka usoni ingawa alikuwa kivulini. Alitafuna muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji. Akameza. Akamega lingine.

Alikula tonge baada ya tonge, peke yake, wote tukimtazama. Kisha akasema bila kugeuka, "Mnaosubiri nianguke, kaeni. Nikianguka chakula kitapoa."

Msichana aliyechomoa kikaratasi ndiye aliyekuja wa pili. Halafu aliyefunga nadhiri. Mwisho mkeka haukutosha, wengine wakala wamesimama, na ile sahani ya michembe ikaleta ugomvi mdogo kwa sababu mtu alijaza mfuko wa suruali. Nilipoangalia mpakani, mama wa marehemu alikuwa ameondoka.

Hakutusalimia mwaka mzima. Lakini maneno yalipungua, kisha yakaacha kufika masikioni mwetu. Watu waliokuwa wakizunguka nyuma ya nyumba walirudi kupita mbele. Bibi aliishi, na baada ya misimu kadhaa alikufa kitandani kwake, kwa uzee, nikiwa nimemshika mguu.

Mimi niliandika ripoti. Niliandika: "Chakula kililiwa." Shirika likarudisha, likaomba niandike kwamba jamii imehamasishwa. Sikubadilisha, kwa sababu sikuwa na hakika kama imehamasishwa. Na kiongozi yule sikuacha kumshuku. Nilimwona mtu jasiri kwa bei rahisi: mtu asiyeamini uchawi, aliyejua kwamba ugali ni ugali, na aliyewaacha wengine wamwone shujaa. Nilifikiri kwa hilo tulikuwa sawa, mimi na yeye, ila yeye alijua kuigiza.

Miaka ilipita. Nikapata kazi Kahama, na siku moja huko Nyahanga nikamkuta mke wake akiuza dagaa. Tulisalimiana, tukamkumbuka bibi. Nikamwambia kwa utani kwamba mume wake siku ile alitutesa kwa lile tonge la kwanza.

Hakucheka. Alifunika dagaa wake kwa gunia, akanisogelea.

Aliniambia kwamba alfajiri ya siku ile mume wake alimpeleka mama yake mzazi nyuma ya zizi lao, akamwonyesha mahali pa kumzika yeye mwenyewe akishakula kwetu, kwa sababu aliamini bibi yangu ndiye aliyemuua rafiki yake, na kwamba mpaka leo anaamini.