Majibu Tuliyomficha Mwenyewe

Simu ilinijia Alhamisi asubuhi nikichambua mchele: mzee wetu wa Kisauni amefariki, maziko baada ya adhuhuri. Sikushtuka, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu nilikuwa mmoja wa watu wanne waliojua kwamba maradhi yale hayatamwacha, na yeye mwenyewe hakuwamo katika hao wanne. Jina lake silitaji, hakuwa mtu wa kutangazwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanamkumbuka kama yule mzee niliyewahi kumtania hapa kwamba hanywi kahawa ambayo hakuiona ikichemshwa. Aliisoma safu ile, akacheka, na kahawa yangu akaendelea kuikataa.

Nilijuana naye kabla sijaanza kula kwa kalamu, nilipokuwa karani wa ghala moja la nafaka kule Magongo. Yeye alikuwa mkaguzi, na chombo chake kilikuwa bambo, kile kichuma cha ncha chenye mfereji ambacho hudungwa guniani kikatoka na punje za ndani. Wenzake walidunga magunia yaliyo karibu na mkono, wakatia sahihi, wakaenda zao kula. Yeye aliamrisha ya juu yashushwe, akadunga ya katikati na ya sakafuni. Siku moja mahindi yalikuwa ya jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtu wa safu moja naye msikitini, na ya chini yakatoka na ukungu. Jirani alimvuta kando akambembeleza sana. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza hali ya watoto, kisha akalirudisha lori. Jioni alimpelekea mahamri nyumbani, nayo sahani ikarudi vile vile ilivyokwenda. Walikaa karibu mwaka mzima wakisalimiana kwa kichwa tu.

Mwaka jana macho yake yaligeuka manjano, mwili ukawa unamwasha, suruali zikamlegea kiunoni. Mwezi mzima ulipita kwa kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini, na majani ya kuchemsha, huyu akisema ni ini, yule akisema ni jicho la mtu. Alipofika hospitali, picha zilionyesha uvimbe kwenye kongosho, tezi iliyojificha nyuma ya tumbo. Daktari, mama mmoja wa bara mwenye subira, alieleza kwamba picha haitoshi kusema ni uvimbe wa namna gani. Atapitisha mrija mwembamba mdomoni, wenye kamera na kifaa cha kuona kwa mawimbi ya sauti, ufike tumboni, na kutoka hapo sindano ipenye ukuta wa tumbo ichote chembe za nyama zikapimwe. Nyumbani palichafuka. Kaka yake mkubwa alishikilia kwamba uvimbe ukiguswa na chuma huamka ukatambaa mwili mzima, maneno ambayo nimeyasikia tangu utotoni na ambayo huwatisha watu mpaka wakachelewa. Mara ya kwanza kilichotoka kilikuwa damu zaidi kuliko nyama, ikabidi kurudia. Kaka akasema basi, imetosha. Mzee ndiye aliyemjibu, na kwa mara ya kwanza tangu augue nilimwona akitabasamu.

"Gunia ukilidunga mara moja likakutolea pumba, husemi ni pumba tupu. Wadunga tena."

Majibu ya mara ya pili yalipokuwa tayari tulikwenda naye watatu: kaka yake, mwanawe wa kiume na mimi niliyeendesha gari. Daktari alimwita yeye. Sasa hapa ndipo adabu yetu ilipotuponza. Mzee hakuona sawa kumtangulia mkubwa wake hata kwenye jambo la mwili wake, akasema kaka ataingia pamoja nasi, naye atasubiri nje. Alituamini kwamba tutamletea kilichosemwa. Tukaambiwa ni saratani, imeshafika kwenye ini, na kinachohesabiwa ni miezi. Daktari alitusihi tumweleze au tumwingize amweleze yeye. Kaka akasema tutamweleza wenyewe, na tulipotoka akamwambia ni kidonda cha tumbo, dawa zipo. Mimi nilizishughulikia funguo za gari.

Wiki moja baadaye aliniita barazani kwake, akawaondoa watu wote. Binti yake wa mwisho alikuwa ameposwa na nikaha imewekwa mwezi wa Mfunguo Tatu, baba akiwa ndiye walii, mwenye kumuoza.

"Wewe uliingia mle ndani," akaniambia. "Nambia kweli. Kama siku zangu ni chache, namuoza Ijumaa hii hapa sebuleni, kwa kahawa na halua. Kama ni kidonda, nawaacha wanawake washone nguo zao."

"Ni kidonda, mzee wangu," nikasema. "Waache washone."

Akasema alhamdulillahi, na hakuniuliza tena. Amekufa wiki saba kabla ya tarehe ya nikaha.

Tunaiita huruma. Kutoka Changamwe hadi Kiembeni kuna wagonjwa wanaoambiwa vidonda vya tumbo na watu wanaowapenda, na mimi nimeshaandika safu ngapi hapa nikiwasema wakubwa wanaotuficha mambo yetu! Mtu alimeza mrija mara mbili, akadungwa mara mbili, ili ajue. Sisi tukalichukua jibu lake tukaliweka mfukoni, tukajiona wema.

Siku ya tatu ya matanga binti alinifuata mlangoni.

"Ami, baba alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibuje?"

Nikamwambia. Hakulia wala hakunilaumu, akainamisha kichwa.

"Nguo zi tayari," akasema, akarudi ndani.

Mkono wa bwana harusi utashikwa na kaka wa marehemu, yule yule aliyetangulia kusema ni kidonda, maana mwanawe marehemu amempa uwakala wa kumuozesha dada yake. Nimealikwa, nami nitakwenda nikae mbele ya macho ya yule binti, maana kujificha kumetosha. Na wanangu nimeshawaambia: siku nikichotwa nyama mwilini, majibu yataletwa kwangu kwanza, na anayetaka kunionea huruma aanze hapo.