Njia Mbili za Kuyeyusha Bonge

Mke wa mpaka rangi alikuwa fundi cherehani, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Wateja waliokawia kuchukua nguo aliwatania kwamba zimeshazeeka kuwapita. Mpaka rangi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Walikaa pamoja miaka kumi na tisa.

Kisha mkewe akateleza ngazini, akavunjika mguu na kujigonga kichwa. Mguu ukafungwa plasta. Wiki ya tatu, asubuhi, alipoinuka kushika magongo, pumzi ikamkatika, akaanguka.

Hospitalini, daktari, mama wa makamo, alimvuta mume kando. Bonge la damu lilikuwa limepanda kutoka mguuni, likaziba mshipa wa mapafu, na moyo ulikuwa unaelemewa. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, dawa ya kuyeyusha itundikwe kama dripu, ienee mwili mzima. Ni ya haraka na ipo hapo hapo, lakini kwa kichwa kilichogongwa wiki tatu tu nyuma inaweza kuvujisha damu ubongoni. Ya pili, mrija mwembamba upitishwe kwenye kinena hadi kwenye bonge lenyewe. Dawa yake ni kidogo, na hatari yake pia. Ila hiyo inafanyika hospitali kubwa, mwendo wa saa nne kwa gari.

"Daktari, angekuwa dada yako?"

"Presha inashuka, kaka yangu. Saa nne hana. Ningempa dripu."

Mpaka rangi akatia sahihi.

Hazikupita saa mbili, pumzi ikarudi. Mkewe alifumbua macho, akamuuliza kwa nini amekuja na viatu vya kazini. Jioni mdomo wake ukapinda. Damu ilikuwa imevuja ubongoni.

Alirudi nyumbani hai, upande wa kulia umelala, maneno yakimtoka kwa kuokoteza. Dada mkubwa wa mke akasema mbele ya mgonjwa kwamba angepelekwa kwenye mrija, leo angekuwa anashona. Mpaka rangi alirudi kumuuliza daktari. Daktari hakujificha: huenda, alisema, na huenda angefia barabarani.

Siku moja alipokuwa akimwogesha, mkewe akajikakamua.

"Nani... alichagua?"

"Mimi."

Mkewe akageuza uso ukutani. Mpaka rangi aliketi na beseni mapajani mpaka maji yakapoa. Akaenda kuyapasha, akarudi, akaomba mkono. Baada ya kitambo mkewe akamnyooshea, bila kumtazama.