Jeneza la Mwizi wa Maji

Kijiji chetu kilimchukia Shibli miaka kumi na mmoja, na chuki ya watu wa milimani haichakai. Kiangazi kile cha ukame mtu alifungua mfereji wa chemchemi katika zamu ya maji ya jirani yake Fandi, akayageuzia kwingine, na miti arobaini ya matufaha ya Fandi ikakauka. Shibli alipoulizwa alinyamaza. Tangu hapo salamu yake haikuitikiwa, na kahawa ya nyumbani kwake hakuna aliyeinywa.

Mkewe Bahija, yeye aliheshimika. Alishika dini tangu usichana, mtandio wake mweupe haukuwa na doa, na kila Alhamisi, siku yetu ya sala, alikaa safu ya mbele katika nyumba ya ibada. Wenzake walimwonea huruma kwa kuolewa na mwizi wa maji. Naye aliipokea huruma hiyo bila haya.

Shibli alipokufa, masheikh walikuja wakasimama mbele ya jeneza. Kwetu mtu mwema hutamkiwa "Mungu amrehemu". Dhalimu hunyimwa neno hilo, na wanawe huishi na kimya hicho mpaka nao wafe. Sheikh mkuu akauliza kama kuna mwenye dai.

"Nipo mimi," Fandi akasema. "Mzikeni, ni haki yake. Lakini neno hilo hapati."

Masheikh wakainamisha vichwa kulikubali dai. Hapo Bahija akatoka katikati ya wanawake, akamkabili Fandi.

"Mfereji niliufungua mimi," akasema. "Shibli alikuwa kitandani, ana homa. Nilikuchukia wewe, Fandi, na miti yako, na bado nakuchukia."

"Mama Rabih," sheikh akamwambia taratibu, akimwita kwa jina la mwanawe, "unajua unachokisema?"

"Najua, sheikh. Nimekijua miaka yote hii, nikisali mbele yenu."

Sheikh akaligeukia jeneza. Akasema Mungu amrehemu Shibli, na wote wakaitikia, hata Fandi, meno ameyauma.

Bahija akarudi alikokuwa amekaa. Wanawake wakajisogeza, wakamwachia nafasi ya watu watatu, na hakuna aliyemshika mkono. Alijua kuwa siku atakapobebwa yeye, masheikh hao hao watasimama mbele yake na hakuna atakayefungua kinywa.