Mkasi Usiouma

Alishona nguo za watu miaka arobaini, wakamzoea kwa jina la Bibi Pindo. Tangu kiharusi kimwangushe alikuwa amelala chali, sasa ni mwezi wake wa tatu, macho darini. Kidonda cha juu ya makalio hakuweza kukiona. Mwanawe alimwambia, "Kadogo tu, mama, kama sarafu." Harufu aliisikia, ila alidhani panya amefia uvunguni.

Asubuhi moja mwanawe akamleta nesi wa vidonda. Nesi akamgeuza ubavu, akabandua kitambaa, akanyamaza. Bibi Pindo alikijua kimya hicho. Ndicho cha mteja aliyevaa gauni likamkataa.

"Kikubwa?"

"Nyama imekufa, bibi, imekuwa nyeusi. Nisipoitoa, uozo utazidi kwenda ndani. Ukisikia maumivu, sema."

"Haya. Ila usinikate upogo."

Nesi alicheka kidogo, mkasi ukaanza. Bibi Pindo aliusikia ukitafuna taratibu, kama unapita kwenye kitambaa kizito kilicholowa. Aliuma meno kuungoja uchungu. Haukuja. Vipande vilidondoka kwenye bakuli la chuma. Alihesabu hadi kumi na kimoja, akaacha. Mwanawe alitoka mbio, akasikika akitapika uani.

"Mbona siumii?"

"Iliyokufa haina hisia, bibi."

"Na iliyo hai iko wapi?"

Nesi akaingiza ndani zaidi koleo dogo la kushikia nyama. Likagusa kitu kigumu, likatoa sauti ndogo, kavu. Mkono wake ukasimama.

"Huo ni mfupa wangu," Bibi Pindo akasema.

"Ndiyo. Hospitali leo hii, si kesho."

Mwanawe alikuwa amerudi, ameegemea mlango. "Nisamehe, mama. Niliogopa kukugeuza, nikadhani nitakuvunja."

"Ungenivunja, ningepiga kelele, ungejua. Hiki kimenila kimyakimya."

Hospitali walimsafisha kidonda katika chumba cha upasuaji mara mbili. Siku ya nne, daktari alipogusa ukingo wa kidonda, Bibi Pindo alipiga yowe wodi nzima ikageuka. Daktari akatabasamu: hapo palikuwa hai. Lakini homa ilipanda kila jioni, na picha zilionyesha ugonjwa umeshaingia mfupani. Mambo hayo daktari alimwambia mwana kwenye korido, kwa sauti ya chini. Bibi Pindo, kupitia mlango uliokuwa wazi, aliwaona midomo tu.

Mwana aliporudi kitandani alitazama saa ya ukutani. Saa mbili zilikuwa zimetimia tangu wauguzi wamgeuze.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nikugeuze, mama."

Akapitisha mikono chini yake. Mwili ulikuwa wa moto kuliko jana.