Hereni za Valary na Beseni la Javan

Mwanamume mzima, suruali imepigwa pasi hadi ina makali, alipiga magoti uani akaanza kukomba matope kwa viganja huku analia.

Si matope ya mvua. Ni maji aliyooshea nywele zake mwenyewe, yaliyokuwa yamemwagwa muda mfupi tu uliopita.

Msichana aliyekuwa karibu kuolewa naye alisimama mlangoni na beseni tupu mkononi. Alidhani bwana amerukwa na akili.

Heri angekuwa amerukwa.

Mambo haya yalitokea Migori, mwaka wa tisini na tatu. Valary mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na mpaka leo akifika hapo pa matope hutema mate pembeni kabla ya kuendelea. Nawapa kama alivyonipa. Kama uko mezani, maliza kula kwanza.

Valary alikuwa msusi. Saluni yao ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko, kioo kimoja, kiti kimoja cha kuzunguka, na wateja wamejaa hadi nje.

Miaka hiyo kama huna curly kit wewe bado ni mshamba. Zile nywele za kulainishwa kwa dawa, kisha zinanyweshwa mafuta mpaka kola ya shati inalowa. Wanawake walizitaka. Wanaume walizitaka zaidi.

Javan alikuwa nazo, ndefu, zimefika mabegani.

Huyu Javan alinunua dhahabu kwenye machimbo nje ya mji. Alikuwa na meza chini ya kibanda cha makuti na mzani mdogo, ule wa kupimia kwa njiti za kiberiti. Akina mama wanaponda mawe kutwa nzima, wanachekecha, wanaosha kwenye karai, na wanachobaki nacho ni vumbi kidogo la njano ndani ya chupa ya dawa. Vumbi hilo wanampelekea Javan.

Mama yake Valary alikuwa mmoja wao. Jina lake Filister. Alitoka Kosele, kijijini kwa mumewe, baada ya kufiwa naye, kwa sababu ng'ombe waliisha kwenye ugonjwa na matanga, na shemeji zake hawakuwa watu wa kumwonea huruma. Akaja machimboni. Mikono yake ilikuwa imepasuka hadi akishika chumvi anauma midomo.

Sasa, Javan alianza kuja saluni. Kila mara ni jambo lile lile.

"Paka mafuta tu. Paka mingi," anasema. "Kuosha nitaosha mwenyewe nyumbani."

Valary alimpaka, lakini kwa kujikaza. Nywele zile zilinuka. Zilikuwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, jasho na vumbi, na ukipitisha kitana kinatoka na utando mweusi. Msusi anajua vichwa vya watu kama daktari anavyojua vidonda, na hata hivyo, alisema Valary, kichwa kile kilimshinda. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi inakauka.

"Wacha nikuoshee leo," alimwambia siku moja. "Bure."

Javan akaruka kwenye kiti kama aliyemwagiwa chai. "Hapana. Kichwa yangu haioshwi na mtu."

Waliokuwepo wakacheka. Ni maringo ya pesa, walisema.

Basi, kama ilivyo dunia, mwenye kichwa kile ndiye aliyempenda.

Alimletea hereni. Za dhahabu, duara ndogo, zimesokotwa kama uzi. Alisema amezitengenezesha kwa sonara wa Kisumu. Caren, mwenye saluni, hakuwa mtu wa kusifu kitu cha mwenzake, lakini alizishika karibu na dirisha akazigeuza-geuza.

"Yawa," akasema. "Hizi mapedi za mabega zitapita. Hata hizi curly zetu zitapita, tutachekana kwa picha. Hii haitapita. Hii mpaka mjukuu wako atavaa."

Ni kweli zilikuwa nzuri. Valary hakuzivua hata kulala. Akiwa kazini akiitwa kwenye simu ya mezani ya duka jirani, anavua moja, anaibana kwa midomo pamoja na pini za nywele, kisha anairudisha sikioni.

Kumbuka hilo la midomo. Ama usikumbuke, ni heri kwako.

Alimweleza mama yake kuhusu Javan akitegemea kuambiwa afikirie vizuri.

"Mama, ananuka kichwa."

"Kwani utakula nywele?" Filister akamjibu. "Nyara, binti yangu, harufu inaoshwa. Njaa haioshwi."

Mambo yakaenda mbio. Javan akapeleka watu Kosele, mahari ikaanza, ng'ombe wakafika. Zizi la marehemu baba yake Valary, lililokuwa limeota majani, likafyekwa. Shemeji zake Filister wakaja kusalimia, wale wale waliokuwa wanapita njia kama hawamwoni. Ikabaki harusi. Na kila mtu anajua, binti akikataa katikati ya mambo hayo, ng'ombe wanafunguliwa na kurudi walikotoka, na zizi linabaki tupu mbele ya macho ya kijiji kizima.

Basi Valary akajifunza kupumua kwa mdomo.

Jumamosi moja Javan akamwalika kwake aje kupika. Alipofika hakumkuta. Jirani akamwambia sabuni imemwishia, ametoka kidogo kununua nyingine, anarudi sasa hivi. Uani palikuwa na beseni la buluu limefunikwa gunia.

Akafunua.

Maji meusi. Juu mafuta yameganda vipande vipande, nywele zinaelea, mba imetanda kama unga.

Lakini wewe unawajua mama zetu. Msichana wa Kosele amefundwa kwamba akiingia kwa watu akakuta uchafu, hauruki na kukaa kitako. Dada ya mwenye nyumba akipita, atasema nini? Bibi harusi gani huyu anakaa na maji machafu mlangoni? Valary akashika pumzi, akainua beseni, akamwaga uani. Akalisugua na majivu hadi likang'aa, akajiona mke mwema.

Hapo ndipo Javan aliingia na sabuni yake.

"Hiyo maji iko wapi?"

"Nimemwaga."

"Umemwaga wapi?"

"Hapo. Ilikuwa chafu, Javan."

Sabuni ikamdondoka. Akapiga magoti, na yale niliyokuambia mwanzoni ndiyo yaliyofuata. Anakomba, analia, kamasi zinamtoka, anajaza matope kwenye beseni.

"Leta karai," akasema. "Leta haraka kabla ikauke."

Valary akaleta. Akili ilikuwa haijafika bado.

Javan akatia matope na maji ndani ya karai, akaanza kulizungusha. Anazungusha, anainamisha, anamwaga kidogo, anazungusha tena. Valary aliuona mkono ule akaujua. Ndivyo mama yake alivyozungusha karai, siku zote, jua likimchoma mgongo.

Maji yakapungua. Chini, katikati ya changarawe na nywele zilizojikunja, ukabaki mstari mwembamba wa njano.

Javan akafuta machozi kwa kiwiko. Akacheka.

"Imebaki. Ingine imeenda, lakini imebaki."

"Hiyo ni nini?"

"Ni kazi ya wiki." Akamtazama kwa upendo kabisa. "Wewe ni mtu wangu sasa, wacha nikwambie. Mafuta inashika dhahabu. Mama akileta vumbi yake, mimi naitandaza na vidole, natafuta mchanga. Halafu najikuna kichwa. Nani atakataza mtu kujikuna?"

"Unawaibia."

"Wizi gani? Ni ile tu inabaki kwa kidole. Hata upepo inachukua."

Valary akahisi masikio yamekuwa mazito. Hakutaka kuuliza, akauliza.

"Na hereni zangu?"

"Hizo nilikusanya polepole," Javan akasema, na sauti ikalainika kama ya mtu anayeeleza mapenzi yake. "Sikuuza hata kidogo. Iko ya kila mama pale ndani. Hata ya mama yako iko."

Hapo Valary akakumbuka midomo yake.

Akatapika pale pale uani. Na unajua Javan alifanya nini? Hakumshika mgongo, hakumletea maji. Alivuta karai pembeni haraka, lisichafuke.

Valary akaondoka bila kuaga. Alitembea mpaka machimboni, masikio yanamwasha kama yameumwa na siafu. Hakuzivua hereni kwa sababu hakutaka vidole vyake viziguse. Njiani alikuwa anapanga maneno ya kumwambia mama. Alimwogopea. Utamwambiaje mtu aliyepasuka mikono namna ile kwamba jasho lake liko masikioni mwa mwanawe?

Alimkuta Filister anaponda mawe pamoja na jirani yake Phanice. Akasema yote kwa mfululizo: beseni, mafuta, karai, hereni. Alipomaliza alikuwa analia.

Filister aliendelea kuponda kidogo, kisha akaweka chuma chini.

"Kwa hivyo umemwagia mtu maji yake," akasema.

Valary hakuelewa. "Mama, anakuibia."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Yawa, Valary, sisi wote tunajua. Muulize Phanice."

Phanice akaangalia mawe yake. "Yule mnunuzi wa kwanza alikuwa na kucha ndefu, vumbi inabaki ndani," akasema. "Huyu wa ng'ambo ya barabara, mzani yake imepinda. Utauzia nani?"

"Wote ni wezi," Filister akasema. "Huyu wa kichwa, angalau hakuwa ameoa."

Valary anasema hapo ndipo alipoacha kulia. Machozi yalikatika yenyewe.

"Mama. Nani alimwonyesha Javan saluni yetu?"

Filister hakuficha wala hakuona aibu. "Mimi. Alikuwa anauliza wapi wanapaka mafuta vizuri. Nikamwambia iko msichana wangu."

Kwa hiyo miezi yote ile, mafuta yaliyokuwa yananasa dhahabu ya akina mama, ni Valary aliyekuwa anayapaka, kwa mikono yake, kwa ufundi wake, akijikaza asitapike. Na mama yake alikuwa anakaa mbele ya meza ile, anatazama mkono wa Javan ukipanda kichwani, na anajua.

"Angalia, nyara." Filister alisogea karibu, akaongea kwa upole. "Dhahabu yangu ilienda kidogo kidogo. Mimi nikasema, wacha irudi na miguu ya ng'ombe. Ile zizi ya baba yako nyoka ilikuwa inazaa ndani. Shemeji zangu walikuwa wanapita wanacheka. Leo iko mavi ya ng'ombe pale, Valary. Mavi. Mimi nikienda Kosele nasimama tu nanusa."

"Na mimi?"

"Wewe utazoea. Kichwa ni ya kuosha."

Valary alimtazama mama yake na kuona kinyaa. Neno baya hilo kulisema juu ya mzazi, na mimi nilimwambia hivyo aliponisimulia, akanijibu kwamba hana lingine. Javan alikuwa mwizi na mchafu, basi, dunia ina wachafu wengi. Lakini huyu ndiye aliyemzaa, na alikuwa amemweka kwenye mzani pamoja na ng'ombe.

Akavua hereni. Moja, ya pili. Akazitia kwenye kiganja kile kilichopasuka.

"Hii ni yako," akasema. "Chukua. Na ng'ombe mwambie akuje achukue, mimi siolewi."

Alitegemea nini? Alitegemea mama atazitupa. Au atalia, au hata atampiga kofi. Kofi lingekuwa kitu.

Filister akazifuta kwenye leso. Akazivaa, sikio hili, na lile, pale pale katikati ya vumbi. Akamgeukia Phanice.

"Zinanikaa?"

Phanice akainua macho. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ile chembe yake mwenyewe ndani.

"Zinakukaa," akasema. "Na huyo Javan, sasa hana mtu?"

Valary alipanda gari la Kisumu wiki hiyo hiyo. Ng'ombe walitolewa Kosele, wakaswagwa hadi kwa Phanice, na binti yake Phanice akaolewa na Javan kwa shangwe kabla ya mavuno. Zizi la Filister likaota majani tena.

Lakini hereni Filister hakuzirudisha. Zilikuwa zake, alisema, na hapo hakudanganya. Alizivaa kanisani kila Jumapili hadi alipofariki, na watu walizisifu hadi mwisho, maana Caren alisema kweli, curly zilipita na hereni hazikupita. Siku ya mazishi shangazi mmoja alimletea Valary zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Zinang'aa kama jana.

Valary hakukifungua. Alimwambia azivae yeye, na shangazi akafurahi sana.

Ndugu yangu, ukipewa kitu kizuri kisichochakaa, uliza kimepita vichwa vya nani kabla hakijafika sikioni mwako. Na ukishajua, kivue, hata kama aliyetaka ukivae ni mama yako mzazi.